Gari la miezi sita lenye kilomita laki mbili: tunachoangalia kabla hujalipa

Dada mmoja alitupigia simu akiwa na magari mawili mkononi. Alikuwa ametoka Mwanza kwa mkataba wa kazi wa miezi sita hapa Dar, amepanga Kimara, ofisi iko Posta. Gari la kwanza lilikuwa linasoma kilomita 78,000, la pili 214,000. La kwanza lilizidi bei kwa milioni moja na nusu. "Fundi, hili la laki mbili si limeshachoka?"

Tukaenda naye kuyaona yote mawili. Lile la 78,000 lilikuwa limeoshwa mpaka injini inang'aa. Lakini raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika upande mmoja hadi chuma kinaonekana, usukani umekuwa laini kabisa pale mikono inaposhika, na kiti cha dereva kimebonyea. Lilikuwa gari la mwaka 2004. Kilomita 78,000 kwa miaka yote hiyo ni chini ya 4,000 kwa mwaka, wakati mtu wa Kimara anayekwenda Posta na kurudi siku za kazi tu anaweka karibu 7,500. Namba ile ilikuwa imechezewa. La pili lilikuwa la mzee mstaafu. Alifungua droo ya gari akatoa daftari la shule, ndani ameandika kila alipomwaga oili: tarehe, kilomita, na chujio limebadilishwa au la. Raba ya pedali ilikuwa imelika vilevile, ila dashibodi na daftari vilikuwa vinasema kitu kimoja. Dada akachukua la mzee.

Mteja wa muda mfupi tunamwomba afanye hesabu hii. Kimara hadi Posta na kurudi ni karibu kilomita 30. Miezi sita ya siku za kazi haifiki kilomita 4,000, yaani hata oili unaweza usiifikishe muda wake wa kumwagwa, kama ni ile ya kilomita 5,000. Gari lililotembea 214,000 utalirudisha likiwa na 218,000. Kwa hiyo swali la kilomita halina uzito mkubwa kama madalali wanavyodai. Uliza ni kitu gani kitakufa ndani ya miezi hiyo sita, na siku unaondoka nani atalinunua.

Pesa nayo ihesabiwe hivyohivyo. Tuseme umenunua kwa milioni 8, ukatengeneza kwa laki 9, ukauza kwa milioni 7. Gari limekugharimu milioni 1 na laki 9, kama laki 3 na kidogo kwa mwezi, bila mafuta na bima. Ukinunua la bei chee kwa milioni 5 na nusu halafu giaboksi ikagoma mwezi wa pili, utatengeneza kwa milioni kadhaa au utauza kama chuma.

Ukaguzi wetu unaanza gari likiwa baridi. Tunamwomba muuzaji asiliwashe kabla hatujafika, na tukifika, kitu cha kwanza tunaweka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, tunajua kuna mtu hakutaka tusikie linavyowaka asubuhi. Tunafungua mfuniko wa rejeta (likiwa baridi tu, tafadhali, maji ya moto yameunguza watu wengi). Ukikuta maji ya kutu, gari limeendeshwa kwa maji ya bomba miaka mingi. Ukikuta utando wa mafuta juu ya maji, au oili kwenye kijiti imekuwa rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha maji na oili ndani ya injini, ina mashaka. Hapo tunashauri uage kwa heshima.

Kisha funguo inazungushwa mpaka kabla ya kuwasha. Taa zote za tahadhari lazima ziwake, ya injini ikiwemo, halafu zizime injini ikishawaka. Taa ya injini isipowaka kabisa katika hatua hiyo, usiseme gari halina tatizo. Kuna uwezekano mtu amechomoa balbu au ameiziba. Moshi wa bluu ni injini inakula oili. Moshi mweupe usiokwisha hata baada ya injini kupata joto ni maji yanaingia ndani. Giaboksi ya automatiki tunaiweka D mguu ukiwa kwenye breki na kuhesabu: ikichelewa kushika, au ikigonga inaposhika, hiyo ndiyo gharama itakayokula akiba yako.

Hapa Dar tunaongeza jambo moja, maji. Mvua kubwa zinafunika Jangwani na mabonde mengine, na magari yaliyozama hukaushwa yakarudi sokoni. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Watu wanaosafisha gari wanasahau kipande kile cha ndani, na alama ya tope hubaki pale. Inua na kapeti chini ya miguu ya abiria, unuse.

Rangi iliyopauka, redio mbovu, mkwaruzo mlangoni, hayo acha kwa miezi sita. Breki, tairi na mfumo wa kupoza injini usiache. Tairi soma tarakimu nne za mwisho wa ile namba ndefu ubavuni: 1819 ni wiki ya 18 ya mwaka 2019. Gari lenye mkanda wa taiming badala ya cheni, ulizia ulibadilishwa lini. Ukikatika, injini nyingine vali zinapigana na pistoni na hapo hakuna tena gari la bei nafuu.

Karatasi tunazisimamia kwa ukali. Kadi halisi, siyo fotokopi, kwa sababu huenda kadi halisi imeshikwa na aliyemkopesha mwenye gari. Namba ya chesisi ifanane na ya kwenye kadi, jina lifanane na kitambulisho cha anayepokea hela. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari kabla ya kulipa. Na tafadhali badilisha umiliki TRA hata kama unaondoka baada ya miezi sita. Wateja wengi wanaona ni usumbufu, lakini bila hivyo huwezi kumuuzia mtu mwingine kwa amani.

Kuhusu kuuza, chukua gari ambalo kila fundi mtaani analijua na spea zake zipo Gerezani na Ilala: IST, Vitz, Premio. Anza kulitangaza wiki nne kabla ya kuondoka. Anayeuza akiwa na tiketi mkononi hupokea bei yoyote.

Ukitaka twende nawe, tutumie picha ya kadi na ya dashibodi usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi, tupange saa moja asubuhi. Ukaguzi unachukua kama saa moja na nusu, majaribio barabarani yakiwemo, na tunakuandikia kwenye karatasi kila kilichochoka na bei ya kukitengeneza, ili uende nayo kwenye kupatana. Mwambie muuzaji asiliwashe gari mpaka tufike.