Barua kwa Mwanangu Shabani, Kabla Mdogo Wako Hajapanda Treni

Ujiji, Kigoma
28 Mei

Mwanangu Shabani,

Assalamu alaykum. Sisi hapa nyumbani hatujambo, mguu wa mama yako umepungua uvimbe, na mdogo wako Zuhura anahesabu siku za kufunga shule aje huko kwako. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaniitikia "ndiyo, baba" kabla sijamaliza ninalosema, na jambo hili nataka ulisome hadi mwisho, kisha ulirudie.

Shangazi yako wa Buguruni ametueleza habari ya nyuzi tatu ulizoshonwa juu ya jicho. Sisi ulituambia umejigonga mlangoni. Uongo huo umeniudhi, lakini ukweli wake umenishtua zaidi: kwamba ulikuwa umevaa ile miwani ya uhalisia pepe, inayokuziba macho ukauona mchezo tu, umesimama katikati ya chumba, ukaruka pembeni kukwepa kitu ambacho hakikuwepo, mguu ukanasa kwenye waya, ukaangukia pembe ya kabati. Jeraha litapona. Ninachokiogopa ni kwamba baada ya wiki tatu, katika chumba hicho hicho, atakuwamo mtoto wa miaka tisa, nawe siku ile hukuliona hata kabati lako mwenyewe ambalo halijahama tangu ulipopanga hapo.

Chumba chako nakifahamu, maana nilikipima kwa macho nilipokuja huko kutibiwa. Ni futi kumi kwa kumi. Kitanda cha tano kwa sita kimekula nusu ya upana, kabati limechukua futi mbili nyingine, na mbele ipo meza ya televisheni. Kinachobaki ni ujia wa futi tatu hivi, na mtu wa kimo chako akinyoosha mikono yote miwili hupungukiwa kidogo tu kufika futi sita. Sasa niambie, Zuhura atasimama wapi wewe ukiwa umeshika vile vijiti viwili vyenye mipira inayowaka, ukivirusha kushoto na kulia kama mtu anayefukuza nyuki? Kamera iliyo juu ya televisheni inazifuata taa za buluu za kwenye miwani na inajua kichwa chako kimeelekea wapi, lakini haijui kwamba mdogo wako ameingia kuchukua kandambili zake.

Hilo ndilo lililonitia hofu tangu Desemba, ulipokuja nayo likizo. Sote tulikaa mkekani tukaona kwenye televisheni kila ulichokuwa ukikiona, na wewe peke yako ndiye hukutuona. Mama yako alikuita mara mbili uje kula. Uligeuza uso ukamwelekea, ukatabasamu, kumbe ulikuwa ukitabasamia kitu kingine. Sijapata kuona mtu akiwa karibu hivyo na mbali hivyo kwa wakati mmoja.

Usidhani kwamba nakidharau kifaa chenyewe. Najua ulikinunua Kariakoo kikiwa kimeshatumika, ni kile cha kuvaa na mashine ya gemu ya PlayStation 4, kilichotoka mwaka 2016, na aliyekuuzia alikuwa amekata tamaa nacho kwa sababu hakikuonyesha picha. Wewe ukakifungua, ukautafuta waya uliokatika ndani, ukauchomelea risasi kwa mikono yako, kikawaka. Nimewasimulia wazee wenzangu msikitini jambo hilo si mara moja. Nilifanya kazi katika chumba cha injini cha meli miaka kumi na tisa, na ninamtambua fundi nikimwona. Lakini fedha ulizonunulia ni zile ulizosema ni za bati la jikoni, na mvua za masika zimepita jikoni kukiwa na sufuria tatu zimekingwa chini. Hilo nalisema mara moja, sitalirudia.

Ninalolirudia ni la Zuhura. Kijitabu cha maelekezo ulikiacha hapa ndani ya boksi, nami nimekisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, na penye Kiingereza kilichonishinda nilisaidiwa na mwalimu jirani yetu. Kimeandikwa wazi kwamba miwani hiyo haifai kutumiwa na mtoto aliye chini ya miaka 12. Zuhura atatimiza miaka kumi na mbili baada ya miaka mitatu. Hapo hapana la kujadiliana, wala la "dakika tano tu, baba". Chombo chenyewe kina uzito wa gramu 600 hivi: chukua nusu kilo ya sukari, ongeza viganja viwili, umfunge mtoto usoni, uone shingo yake itakavyoinama.

Kijitabu hicho kinasema pia kwamba mtumiaji akae kwenye kiti kila inapowezekana, na kwamba mtu aliyewahi kupata kifafa au kupoteza fahamu amwone daktari kabla ya kuivaa, kwa sababu mwanga unaomwekamweka unaweza kumrudishia. Usiku ule Zuhura aliposhikwa na degedege wewe ulikuwepo, ulinishikia tochi njia nzima hadi zahanati, kwa hiyo sina la kukuongezea. Daktari alisema ilikuwa homa ya malaria na wala si kifafa, nami namwamini hadi leo. Lakini baba hasomi maneno ya namna hiyo akayapita hivi hivi.

Nilipaswa kuyasoma mapema. Kijitabu nimekisoma mwezi huu wa Mei, na gemu lilichezwa Desemba.

Siku ile ulipokwenda Kibirizi kuwatembelea wenzako, mama yako akiwa sokoni, Zuhura aliniomba, akaniomba tena, nami nilikuwa nataka kutengeneza redio kwa utulivu. Ni mimi niliyemvalisha. Nilizungusha kile kigurudumu cha kisogoni mpaka mkanda ukashika. Nilimwekea ile ya kuteremshwa baharini ndani ya kizimba, papa akizunguka nje, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa tayari kwenye mashine. Mwanzoni alicheka. Kisha akanyoosha mikono kushika nondo za kizimba, na nikaviona vidole vyake vikifumba hewa, vikafumbua, vikafumba tena, kwa nguvu, hadi kucha zikawa nyeupe. Nilidhani anafurahia. Nilipomvua, juu ya mdomo alikuwa na jasho dogodogo kama umande, akatembea hatua nne akielekea ukutani badala ya mlangoni, akatapika chini ya mwembe. Alilala hadi Magharibi. Mama yako aliporudi nilimwambia ni maembe mabichi, na kweli maembe alikuwa ameyala.

Hali ile niliitambua, na hilo ndilo linalonisumbua, maana niliishi nayo miaka yote ya kazi. Katika safari za kwenda Kasanga na Mpulungu, kusini mwa ziwa, miezi ya Juni na Julai upepo wa kusini-mashariki unapoinua mawimbi, abiria waliokaa chini ya sitaha ndio waliotapika kwanza. Macho yao yaliona ukuta uliotulia, lakini kile kiungo kilichomo ndani ya sikio, kinachomwambia mtu kama amesimama wima au ameinama, kilihisi meli ikiyumba, na mwili unapopewa habari mbili zisizopatana huchafuka. Tuliwapandisha juu, tukawaambia watazame milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, kitu kikubwa kisichotikisika, wakapata nafuu. Miwani yako inafanya jambo hilo hilo kwa kinyume: sikio linasema umekaa kwenye kiti, macho yanasema unateremka baharini au unaendesha gari kwenye kona kali. Humo ndani hakuna mlima wa kutazama. Dawa ni kuivua, na kuivua mapema, kabla kichefuchefu hakijapanda. Mtu mzima anajua kusema "nimeanza kujisikia vibaya". Mtoto wa miaka tisa anadhani ndivyo mchezo ulivyo, na atavumilia ili asinyang'anywe.

Kwa hiyo usimvalishe. Akilia, mwache alie. Akikuambia kwamba baba alimruhusu, anasema kweli, na wewe mjibu kwamba baba alikosea.

Wewe mwenyewe sikukatazi, umri wako si wa kukatazwa. Ila cheza umekaa, na uchague yale ya kukaa: ya kuendesha gari na ya kurusha ndege yapo ya kutosha. Yale ya kusimama na kupiga ngumi yaache mpaka Mungu akujalie sebule. Zile nyaya zinazotoka kwenye miwani kwenda kwenye kisanduku, na kutoka kwenye kisanduku kwenda kwenye mashine na televisheni, zipitishe ukutani uzifunge, usiziache zikitambaa sakafuni. Ukimaliza kucheza kaa kidogo, unywe maji, usipande bodaboda papo hapo, maana nimekuona hapa ukipepesuka kwenda chooni baada ya saa nzima ya gemu na ukaniambia ni usingizi.

Wenzako wanaokuja kucheza nao, kila anayevaa afute ile sehemu ya sponji inayogusa uso. Ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024, wewe ndiye uliyetupigia simu ukituonya tusipeane taulo. Basi hiyo miwani ni taulo. Lenzi zake zifute kwa kitambaa laini kikavu peke yake, na usiiache dirishani jua likiwaka, kwa kuwa lenzi hukusanya jua na kuunguza kioo cha ndani, kama ulivyokuwa ukiunguza karatasi kwa lenzi yangu. Sipendi uipoteze kwa uzembe baada ya kuifufua kwa ufundi.

Wiki tatu ambazo Zuhura atakuwa kwako ningependa miwani ikae kabatini na kabati lifungwe kwa ufunguo. Najua utasema utacheza yeye akiwa amelala. Chumba ni kimoja, Shabani. Mtoto huamka kwenda haja usiku bila kuaga, na wewe utakuwa umezibwa macho na spika za masikioni, mikono hewani, nyaya njiani. Kama utashindwa kabisa kukaa bila kucheza, niambie kwa maandishi kabla ya siku ya safari, afikie kwa shangazi yako Buguruni. Sitakuchukia kwa hilo. Nitakachokuchukia nacho ni "ndiyo, baba" halafu simu ya hospitali.

Mpeleke akaione bahari ya kweli. Amezoea ziwa, anaamini hakuna maji makubwa kuliko Tanganyika, na mimi sijambishia. Mpeleke Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali, na umshike mkono barabarani, kwa sababu magari ya huko si kama ya Ujiji.

Atakuja na mama yako mdogo kwa treni. Ukawapokee stesheni mwenyewe, usimtume mtu. Mzigo ni huu: dumu la mawese la lita tano, ambalo nimelifunga kwa nailoni mara mbili, dagaa wakavu kilo mbili za kwako na moja ya shangazi yako, na migebuka ya kukaushwa ambayo mama yako ameifunga kwenye gazeti na hataki ichanganywe na nguo. Viatu vya Zuhura vya shule vimembana, ukipata namba 34 imara mnunulie, nitakurudishia. Chandarua atakuja nacho chake. Asipewe soda usiku.

Bati la jikoni fundi amesema zinatakiwa tisa, si saba kama tulivyodhani, kwa sababu papi za upande wa mwembe zimeoza na inabidi tusogeze paa. Ukiweza kuchangia tatu, mimi nitazitafuta sita. Tawi la mwembe lililoegemea paa nimelikata wiki iliyopita. Na ile redio niliitengeneza, inashika vizuri isipokuwa jioni.

Jana nilianza kumweleza mama yako habari ya Desemba, mpangaji akaingia kuleta kodi, nikaacha. Nitamweleza kabla ya siku ya treni, inshallah. Akikupigia simu akakuuliza, mwambie kama ulivyosoma humu. Usiseme habari ya maembe.

Ni mimi baba yako