Shoga, ile pilipili uliyoniuliza

Tanga, Jumapili usiku

Shoga angu mama Nasra,

Salama lakini? Huku wazima, joto tu ndo hatuna pa kulikimbilia, umeme umekatika toka saa kumi nikasema basi leo nimjibu huyu mwanamke, maana voisi yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili na mwanzo mpaka mwisho ni kulalamika kwamba chupa ya pilipili niliyokupa imeisha. Chupa ile mi na wanangu tunakaa nayo miezi miwili, we na shemeji mnaipaka mwilini au?

Haya. Ulisema nikuandikie vizuri naitengenezaje ili usome ukiwa jikoni, nakuandikia, ila nianze na ukweli. Ile uliyokula ukaisifia mbele ya watu ni ya mara ya nne. Tatu za kwanza ni aibu yangu na dari langu, ntakwambia.

Unaukumbuka ule mche wa pilipili mbuzi kwenye kopo la rangi, siku ya hitma ukaupita ukasema huu hauna maisha? Niliuhamishia chini nyuma ya choo, sahivi umenifika kifuani na unazaa mpaka matawi yanalala. Afu kuna pilipili kichaa za pembeni ya ua, zile wala sikupanda mimi, wamepanda shore. Ndege pilipili haimwashi kabisa, anameza na mbegu zake, anakuja kukaa kwenye ua wangu anaachia mzigo, mvua ikinyesha unaona kamche. Sasa zikiiva zinaiva zote wiki moja, majirani nimewagawia mpaka wakiniona na bakuli wanafunga mlango, sokoni nako msimu huo fungu halina mnunuzi, ndo nikasema bora nizisage.

Mara ya kwanza nilikaa uani na sado nzima ya mbuzi, nazichambua kwa mikono mitupu nikijiona hodari. Dakika kumi hamna kitu, nusu saa hamna kitu, nikamaliza nikanawa na maji, nikamfuta mjukuu kamasi. Mama yangu wee! Kale katoto kalilia mpaka jirani akaja kuuliza tunakapiga kwa nini. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka chooni, hapo sikumalizii shoga, we mtu mzima. Usiku nimelala na mikono kwenye bakuli la maziwa mgando. Kumbe maji hayasaidii kitu, ule ukali hauyeyuki kwenye maji, unayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ukishazishika sugua mikono na mafuta ya kula kwanza ndo ufuate sabuni ya vyombo. Ila bora glavu. Zamani tungevaa mifuko ya rambo, lakini toka 2019 ilivyopigwa marufuku utaitoa wapi, nenda duka la dawa chukua glavu, hazikufilisi.

Na lingine, watu wote wanakwambia ukali uko kwenye mbegu, toa mbegu. Sio kweli. Ukali uko kwenye ule utando mweupe wa ndani ulioshikilia mbegu, mbegu zinawasha kwa sababu zimejipaka huko. Kwa hiyo ukitaka ya shemeji isimtoe jasho kwangua ule weupe, mbegu zikibaki mbili tatu wala hazina shida.

Ya pili nikaikaanga. Nilimwona mtu anakaanga pilipili na kitunguu saumu kwenye mafuta ya moto, nami nikafanya, na madirisha nimefunga kwa sababu ya upepo. Nyumba nzima tulitoka nje tunakohoa kama tumefukuziwa nyuki. Na ile iliyopatikana ladha yake ni ya kuungua tu. Hapohapo nikwambie kitu, maana kwenye voisi umesema unataka kuloweka pilipili na vitunguu saumu vibichi kwenye mafuta uweke kabatini: usifanye. Kuna bakteria anapenda pasipo na hewa na pasipo na uchachu, ndani ya mafuta ndo kwake, anatoa sumu ambayo huisikii kwa harufu wala kwa ladha, na inaua. Ukitaka ya mafuta pika kidogo, weka friji, maliza ndani ya siku chache. Ya kukaa kabatini lazima iwe chachu.

Na hiyo chachu ndo siri yenyewe uliyoniuliza, basi, hamna uchawi. Bibi yangu alikuwa anakata ndimu, anatia chumvi na pilipili, anafunga kwenye chupa kubwa anaipandisha bati la choo ipigwe jua wiki na wiki, sisi watoto tukipita tunadokoa. Mi miaka yote najua ile ni achari ya ndimu, sijawahi kufikiria kwamba kinachofanyika mle ni kilekile cha togwa, kuna bakteria wazuri wanakula sukari ya kwenye tunda wanatoa uchachu na gesi. Chumvi kazi yake ni kuzuia wale waozeshaji mpaka hawa wazuri waote mizizi. Sasa chumvi ikiwa ndogo inaoza, ikiwa nyingi sana inalala haichachi. Kwa hiyo hapa hatukisii shoga, we mwanamke wa kukisia nakujua. Kilo moja ya pilipili, ukishatoa vikonyo na kuziosha, chumvi gramu 30. Huna mzani, vijiko vya chai vitano vya kusawazisha na kisu, sio vya mlima.

Unazikata au unazitwanga kwenye kinu kidogo, usisage mpaka uji, unachanganya na ile chumvi unaacha nusu saa zitoe maji yake. Punje za kitunguu saumu sita saba tia hapohapo. Unashindilia kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana, ubakize nafasi ya vidole vinne juu. Maji yake yazifunike, yasipofunika ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe. Juu mi naweka glasi ndogo ya kahawa kuzikandamiza zisielee, maana kinachoelea ndo kinachoota ukungu. Ukiona ukungu wa manyoya, wa kijani au mweusi, usichote na kijiko ukajifanya hujaona. Mwaga yote.

Sasa dari. Ya tatu nilifanya yote haya sawasawa, ila nikajaza chupa mpaka mdomoni na kifuniko nikakaza kama nafunga mtungi wa gesi, nikaenda msibani Muheza siku tatu. Kurudi nafungua mlango wa jikoni nikadhani wezi. Kifuniko nilikikuta chini ya friji, na dari mpaka leo lina madoa mekundu, fundi alikuja kupaka rangi akapiga chafya akashuka kwenye ngazi akasema mama hapa nitarudi kesho. Hajarudi. Kwa joto letu hili gesi inaanza siku ya pili tu, kwa hiyo kifuniko legeza, au kila asubuhi fungua kidogo utasikia tsss, funga. Chini weka sahani maana itamwaga. Dodoma usiku kuna baridi, kwako itachelewa kidogo, usiichokonoe. Wiki mbili, mi nataka tatu. Itaacha kutoa mapovu, na harufu itabadilika, mwanzo inanuka pilipili mbichi, baadaye inakuja ile harufu inayotoa mate, kama embe ng'ong'o.

Hapo ndo blenda. Tia na siki nusu kikombe, sukari kijiko kimoja ukipenda, usage mpaka ilainike, uchuje kwenye chujio la tui, na usichungulie kwenye blenda ukifungua, geuza uso. Yale makapi usitupe, anika, saga, nyunyizia kwenye mihogo. Ile uliyokula we ilikuwa na embe bichi moja na karoti mbili nilizozichemsha nikazisaga pamoja, karoti ndo inaipa ule uzito isiwe maji, sio hizi chachandu za vibandani ambazo ni rangi na siki, unatia kwenye chipsi inakimbilia pembeni ya sahani. Ukitia embe au karoti ichemshe dakika kumi, imimine ikiwa ya moto kwenye chupa ulizozichemsha, la sivyo itaendelea kuchacha na utanitafuta. Isiyochemshwa inakaa friji, na kwangu mimi hiyo ndo tamu zaidi, ladha bado iko hai. Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya maabara, aliniletea vile vikaratasi vya kupimia pH, kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo ndo chachu zaidi, anasema isizidi 4.6, yangu ilisoma kama 3 na nusu hivi, nilivyofurahi utadhani nimefaulu mtihani wa taifa.

Kuhusu kuuza, acha. Kila anayeonja ananiambia niuze, hakuna anayesema atanisaidia kuchambua. Niingie kwenye TBS, wale wa viwango, na lebo na chupa za kufanana, afu raha yenyewe iishe? Kama mtu anaitaka aje na chupa yake.

Sasa sikiliza. Nimekuwekea mbili kwenye boksi la biskuti, nimezungushia kanga ile ya zamani, kanga nirudishie. Kijana wa basi atakupigia akifika stendi, nauli ya mzigo nimeshalipa asikudanganye. Yenye uzi mweupe shingoni ni ya embe, hata watoto watachovya. Yenye uzi mwekundu ni mbuzi na kichaa pamoja, haijachemshwa, itakuwa imetikisika njia nzima kutoka Tanga, kwa hiyo ikifika iweke friji kwanza ilale, afu uifungulie kwenye sinki, polepole, na usivae lile dera lako jeupe.

Mwenzio,
Mama Zuhura