Kuhusu ile asilimia 41: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Unasema umerudia mmenyuko ule wa kemia mara nne, makala unayoifuata inaahidi mavuno ya asilimia 87, yaani sehemu ya kampaundi unayoipata kati ya yote ambayo ingewezekana kupatikana, nawe hujavuka 41, na profesa wako ameanza kuuliza maswali. Unataka nikuambie umekosea wapi. Huenda hujakosea popote.

Hesabu inayokunyima usingizi naijua. Njia ya hatua 10, kila hatua ikitoa asilimia 90, mwishoni inakuachia 35 tu. Zikitoa 80, unabaki na chini ya 11. Ndiyo maana katika kazi yetu mkono hushawishika kuandika namba kubwa kidogo kuliko iliyoonwa na jicho. Mimi nilishaandika.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu. Jioni moja niliitoa kampaundi yangu kwenye kolamu ya silika, bomba tunalotumia kuitenganisha na uchafu, nikakivukiza kiyeyusho, nikaipima ikiwa bado mafuta mazito, nikaandika 92. Kesho yake spektra ya haidrojeni, kipimo kinachoonyesha atomi za haidrojeni zilizomo kwenye sampuli, ilinionyesha vilele vitatu ambavyo hata wewe sasa unavitambua bila kufungua kitabu: 1.26, 2.05 na 4.12. Ethili asetati. Kiyeyusho kilikuwa kimebaki ndani ya mafuta yale, na mizani ilikipima pamoja na mali yangu. Ilinipasa kuirudisha chupa kwenye pampu usiku kucha, kisha nipime upya. Sikufanya hivyo, namba ilikwishaingia kwenye ripoti na watu walikwishanipongeza. Mwanafunzi aliyenifuata alihangaika miezi mitano akiitafuta 92 ambayo haikuwahi kuwepo. Nilipomweleza ukweli hakunigombeza. Alifunga daftari lake polepole, akatoka nje. Hadi leo nikikumbuka daftari lile likifungwa, moyo unaniuma.

Lakini usikimbilie kumshuku mwandishi wa makala yako. Namba mbili zinaweza kutofautiana na wote wawili mkawa wakweli. Mwaka 1918 wanakemia Paul Rabe na Karl Kindler waliripoti, kwa maneno machache mno, kwamba wameigeuza kwinotoksini, kampaundi iliyo jirani na kwinini, kuwa kwinini yenyewe, dawa ya malaria. Mwaka 1944, vita vikiwa vimeifungia dunia kwinini ya Java, Robert Woodward na William Doering waliiunda kwinotoksini kule Harvard, wakaishia hapo. Sehemu ya njia iliyobaki waliiachia ripoti ile ya 1918. Walishangiliwa sana. Mwaka 2001 mwanakemia Gilbert Stork akahoji hadharani kama kweli kuna aliyethibitisha kwamba hatua za Rabe zinafanya kazi. Jibu lilikuja 2008, pale Aaron Smith na Robert Williams wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walipozirudia kwa mbinu za enzi za Rabe na kuipata kwinini. Kilichowasumbua kilikuwa unga wa alumini. Ulihitaji kukaa hewani kwanza, upate oksidi kidogo, ndipo ufanye kazi ipasavyo. Rabe alisema kweli. Shaka ilizaliwa na maelezo ambayo hayakuandikwa.

Kwako wewe uzito ni mkubwa zaidi, kwa sababu vichupa vyako vinakwenda kwa wenzako wanaovijaribu kwenye seli na vimeng'enya. Majarida ya kemia ya dawa yanadai usafi wa angalau asilimia 95, na ni vizuri, ila asilimia hiyo hupimwa kwa macho yasiyoona kila kitu. Chembe za zinki au paladiamu zilizobaki kutoka hatua ya nyuma zinaweza kukizuia kimeng'enya zenyewe, sifa ikaenda kwa molekuli yako. Spektra yako ya haidrojeni haitakuonyesha zinki. Nimeona kundi zima likishangilia kampaundi, ikatengenezwa upya kwa njia isiyotumia metali ile, nguvu zote zikapotea. Kwa hiyo kampaundi ikikufurahisha, itengeneze tena, ikiwezekana kwa njia nyingine, kabla hujamwambia mtu.

Sasa turudi kwenye 41 yako. Iandike kama ilivyo. Kabla ya jaribio la tano, andika pia namba ya toleo la kichocheo na siku chupa ilipofunguliwa, kiyeyusho ulikikausha vipi na lini, rangi ilibadilika dakika ya ngapi, na ulipima mara ngapi hadi uzito ukaacha kushuka. Mambo haya yanachosha saa tatu usiku, najua, lakini yaandike saa hiyohiyo. Asubuhi utakuwa umeshaanza kuyakumbuka unavyotaka wewe. Halafu mpelekee profesa kurasa zenyewe, si muhtasari.

Jambo moja hukuniambia: je, mara zote nne ulipata karibu na 41, au hiyo ndiyo iliyokuwa bora? Kama zote zimekaa pamoja, mikono yako iko sawa na tunatafuta kitu kilichomo ndani ya chupa. Kama zimetawanyika, kuna jambo unalolifanya tofauti kila mara bila kujua. Nipigie picha kurasa zote nne, na ile yenye madoa usiiruke. Nitazisoma usiku huu.

Mama yako