Zile kurasa mbili usizifute

Ndugu yangu, mambo vipi,

Meseji yako nimeisoma jana usiku usingizi ukakata, eti mwalimu kazipiga mstari kurasa mbili nzima za ile kazi yako ya vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, zile ulizojaribu kuwaza watu walivyoyaona mambo, na pembeni kaandika "hii ni hadithi sio historia". Aisee imeniuma. Naomba usizifute kwanza.

Faili za Wajerumani zinatusaidia, sikatai. Tunajua Julai 1905 kule Nandete, Umatumbini, watu waling'oa pamba, Kinjikitile, yule mganga aliyegawa maji ya dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikaenda mpaka 1907 na njaa ikaua wengi kuliko risasi maana mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Ila aliyeandika faili ndo huyohuyo aliyekuwa anachoma, sasa atakuandikiaje mama wa Kimatumbi alivyosimama anaangalia mtama wake wa mwaka mzima unageuka moshi? Hilo usipoliona kichwani mwako hata swali la kwenda kuuliza hulipati.

Mi kinachonishika ni yale wazee waliyowasimulia wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar mwaka 1968. Asubuhi, Ngarambe, Kinjikitile yuko kwake, wake na watoto wanaota jua nje, mara wanamwona yuko chini anaenda kwa tumbo, mikono kanyoosha mbele, wakamdaka miguu wamrudishe wakashindwa, akaingia bwawani akapotea. Kesho yake akatoka mzima na nguo kavu. Nguo kavu! Wengi wanaparuka hapo wanasema ni imani tu, mi naona hapo ndo pa kukaa. Sikwambii uamini pepo Hongo anayesemwa ndiye alimchukua, nakwambia kaa ukingoni mwa lile bwawa na wale waliokesha wanangoja, usipofanya hivyo mtu aliyenyunyiziwa maji yenye mtama na mafuta ya nyonyo akaifuata bunduki utamwona mjinga tu, na hakuwa mjinga, alikuwa kachoka viboko vya shamba la pamba.

Ila kuna sehemu moja mwalimu wako yuko sahihi, yale maneno uliyompa Kinjikitile akiwa anapelekwa kunyongwa ukayafungia na alama za kunukuu. Hayo toa. Ebrahim Hussein alimpa maneno lakini kwenye tamthilia, tena alisema wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. We andika "nadhani", andika "huenda", msomaji ajue hapa unaongea wewe na pale wanaongea wazee.

Halafu ukishuka Kilwa likizo hii kaa na bibi yako jioni, muulize mama yake alimsimulia nini kuhusu ile njaa, walichimba mizizi gani, na nani alijua ipi ina sumu na inalowekwa siku ngapi. Akikutajia jina la mzizi hata mmoja nipigie, hata kama ni saa nane usiku.

Wako,
yuleyule wa siku zote