Maelekezo ya mchuzi mweupe yanawaonea wapishi

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wapishi wa nyumbani wanaokatishwa tamaa na madonge katika mchuzi mweupe wa tambi, kwani kosa mara nyingi ni la maelekezo yanayoharakisha hatua ya kwanza. Gramu 30 za siagi na gramu 30 za unga wa ngano zikaangwe kwa moto mdogo, takriban dakika 2, hadi harufu ya unga mbichi iishe. Ndipo nusu lita ya maziwa imiminwe kidogo kidogo huku mpishi akikoroga bila kupumzika. Chumvi na kungumanga hutosha. Mchuzi ukizidi uzito, ulegezwe kwa maji yaliyochemshiwa tambi, ambayo wengi, nasikitika kusema, huyamwaga.

Msomaji wenu