Visheti vya kupanda ndege

Moshi, 2 Novemba

Mama Glory mpendwa,

Shikamoo zote za wanangu zikufikie huko Arusha. Umeuliza wanao wa Uingereza na Marekani watumiwe nini Krismasi hii. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, haipandi ndege, tukubaliane hapo kwanza! Uingereza hawapokei nyama wala maziwa kwa posta kutoka kwetu, hata iwe nyama iliyokaushwa mpaka ikawa kuni. Samli nayo ni maziwa, iache. Keki ina unyevu mwingi, na kashata za nazi mbichi huota ukungu njiani. Mimi nakushauri visheti, korosho na kahawa.

Visheti vya safari havipikwi kama vya mezani. Usikandie tui, maana linavifanya vianze kunuka mapema. Chukua unga wa ngano nusu kilo, mimina Blue Band iliyoyeyushwa, vijiko vitatu vya chakula, usugue mpaka unga ukiufumbata ushikamane. Kandia maji ya uvuguvugu kidogokidogo, kikombe kasoro, donge liwe gumu kuliko la chapati. Lipumzishe nusu saa, ukate vipande vyembamba. Kaanga kwa moto wa wastani. Mafuta yakiwa makali vinaiva nje tu, ndani vinabaki na maji, na hayo maji ndiyo yatakayovilainisha vikiwa bado njiani. Gonga viwili pamoja: vikitoa mlio mkavu, toa.

Shira ni sukari robo kilo, maji nusu kikombe na iliki. Chemsha mpaka tone kati ya vidole livute uzi. Ndimu usitie hata kidogo! Inazuia sukari kuganda, na visheti vitafika vimenata donge moja. Mimina shira juu ya visheti, geuza bila kupumzika mpaka sukari ikauke nyeupe. Kisha viache vipoe kabisa, ikibidi mpaka kesho yake. Vikifungwa na uvuguvugu, mvuke unageuka matone ndani ya mfuko, na kazi yote imekwisha.

Kahawa tuma punje, isiwe ya unga, harufu inadumu. Iliyotoka kukaangwa hutoa hewa kwa siku kadhaa. Ukiifunga siku hiyohiyo mfuko unavimba hata kupasuka. Iweke mfuko wake mbali na visheti, la sivyo watakula visheti vya kahawa.

Kufunga: mifuko miwili ya zipu, kamua hewa, halafu kopo gumu la plastiki lenye tishu chini na juu. Panga makopo kwenye boksi, jaza nafasi kwa magazeti. Tikisa, ukisikia kitu kinacheza, ongeza magazeti. Ila usilibandike gundi nyumbani, nenda nalo wazi Posta, karani huenda akataka kuona kilichomo.

Fomu ya forodha ndiyo inayokwamisha wengi. Kifurushi kidogo kisichozidi kilo 2 hutumia CN22, kikubwa CN23. Usiandike “vyakula” peke yake. Andika kwa Kiingereza kila kitu, uzito wake na thamani yake, na uweke alama kwenye fomu penye neno “Gift”, yaani zawadi. Kwa Uingereza, zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39 haitozwi kodi, basi thamani iandike ya kweli na iwe chini ya hapo. Wa Marekani mtumie visheti zaidi: chakula kilichopikwa nyumbani na kutumwa kama zawadi binafsi hakihitaji taarifa ya awali kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, kwa hiyo eleza wazi kwamba kimepikwa nyumbani. Namba ya simu ya mpokeaji usiisahau, na msimbo wake wa posta uusome mara mbili.

Katikati ya mwezi huu boksi liwe limeondoka, maana Desemba mizigo inajaa kila mahali. Iliki ukikosa ya kijani huko, nitakuletea ya hapa sokoni.

Wako,
Mama Elia