Nani kasema picha hizo hazijaisha?

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba vijana wanaochora kwa rangi za maji watu wasio na miguu, wanaoelea kwenye ukungu, ni wavivu wasiomaliza picha, na wanaiga Wazungu. Mimi ni fundi fremu hapa Ilala, na picha hizo hupita mikononi mwangu kabla hazijafika ukutani kwa mtu.

Uvivu uko wapi? Wenzetu wanaochora kwa mtindo wa Tingatinga wanatumia rangi ya kopo; ukikosea unasubiri ikauke, unapaka juu yake. Rangi ya maji haikupi ruhusa hiyo. Weupe wa uso ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, kwa hiyo mchoraji lazima ajue mapema mahali asipotakiwa kugusa. Na kwa unyevu wa Dar, masika hasa, karatasi haikauki upesi. Brashi imeshawekwa chini, rangi bado inatembea. Lile bega linaloyeyukia kwenye buluu, ambalo msomaji wako anaona ni uzembe, limeviziwa.

Kuhusu kuiga, sawa, kila mtu kajifunza mahali. Mwaka 1876 mchoraji Mfaransa Gustave Moreau alionyesha Paris picha ya rangi za maji: Salome ananyooshea mkono kichwa cha Yohana Mbatizaji, nacho kinaelea hewani, kinang'aa, damu inachuruzika. Miaka kumi baadaye ndipo washairi wa huko wakatangaza rasmi jina la sanaa ya namna hiyo: Usimboli. Walitaka ndoto, hofu na hamu, si sura ya mtaa. Hayo ni ya Wazungu peke yao? Mchoraji wetu, marehemu George Lilanga, alituchorea mashetani wenye masikio makubwa, na sijasikia mtu akilalamika kwamba hawafanani na watu wa Temeke.

Wanaonikera mimi ni wanunuzi. Mteja mmoja alirudi na picha ya bibi ambaye kanga yake imegeuka mabawa, anadai rangi imepauka, arudishiwe hela. Kumbe aliitundika mkabala na dirisha la jua la jioni! Kioo alikikataa mwenyewe, eti kinapandisha bei.

Jamani, zipo rangi za maji zisizostahimili jua. Tundikeni picha pasipopigwa na jua, na fundi aweke kadibodi pembeni ili karatasi isigusane na kioo, maana ikigusana inashika kuvu. Kadibodi hiyo msimwambie aitoe kupunguza gharama.

Fundi fremu,
Ilala, Dar es Salaam